Mbu wa Eastlands Hatoki Kichakani

Swali ninaloulizwa zaidi na wakazi wa Umoja, Kayole, Donholm na Pipeline ni la kifaa. Kati ya koili, dawa ya kopo, taa ya samawati, raketi ya kuchaji na kile kidude cha kuchomeka ukutani, ni kipi kinachofaa kununuliwa? Nami huwauliza kwanza: mdudu anayekusumbua ni yupi, anakuja saa ngapi, na anatoka wapi? Wengi hawana jibu, na si kosa lao. Pakiti zote madukani zina picha ya mbu yuleyule mweusi aliyepigwa mstari mwekundu, kana kwamba mbu wote ni ukoo mmoja wenye tabia moja. Sivyo hata kidogo, na kwa sababu hiyo pesa nyingi za familia za Eastlands zinaungua kila usiku pasipo faida.

Tuanze na mbu wenyewe. Anofelesi, yule anayeeneza malaria, hupenda maji yaliyotulia na yasiyo na uchafu mwingi, na Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako baridi humpunguzia nguvu. Wagonjwa wengi wa malaria wanaotibiwa jijini waliumwa walikokuwa wamesafiri: kando ya Ziwa Viktoria, Magharibi, au Pwani. Wa pili ni Aedesi, mwenye miguu yenye madoa meupe, anayeuma mchana, hasa asubuhi na tena jioni kabla jua halijazama. Huyu ndiye aliyeeneza homa ya dengi Mombasa mwaka 2013, na Nairobi yupo pia. Anazaliana katika maji safi tunayoyahifadhi wenyewe. Wa tatu ni Kuleksi, na huyu ndiye anayekupigia kelele sikioni saa nane za usiku. Kwa sehemu kubwa, mbu wa Eastlands ni Kuleksi.

Ukitaka kumwona alikozaliwa, hakuna haja ya kwenda kichakani. Nenda nyuma ya ploti yoyote ambayo chemba yake ya maji taka haina mfuniko au imeziba kwa wiki mbili, umulike kwa tochi ya simu. Utaona uso wa maji ukitikisika. Ni viluwiluwi, mamia kwa mamia, wananing'inia kichwa chini kwa mshazari, huku kimrija cha kupumulia kikigusa uso wa maji. Kiluwiluwi wa Anofelesi hulala sambamba na maji, hivyo kwa macho tu unaweza kujua umekutana na nani. Ukipitisha kivuli cha mkono juu yao, wote huzama mara moja, kisha baada ya muda mfupi huanza kupanda mmoja mmoja kutafuta hewa. Pembeni, ukiwa na macho mazuri, utaona vitu vyeusi vidogo kuliko punje ya mchele vinavyoelea. Hayo ni mayai, kati ya 100 na 300 kwa kila fungu, yameshikamana wima. Katika joto la kawaida yanahitaji wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili mwenye njaa.

Maji safi hayamfai Kuleksi. Anataka maji yaliyooza, yenye sabuni, mkojo na mabaki ya chakula, kwa kuwa humo ndimo viluwiluwi wake wanamopata lishe. Mitaa ya Eastlands imempa anachotaka. Mabomba ya maji taka yaliyowekwa kwa ajili ya nyumba za familia moja moja sasa yanabeba uchafu wa maghorofa yaliyojengwa juu yake. Mifuniko ya chuma ya chemba imeng'olewa na kuuzwa kwa kilo. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, sababu kubwa ilikuwa nguzo za umeme zilizoangushwa, lakini mkazi yeyote wa Kariobangi au Dandora angeweza kuongeza mifuniko ya chemba katika orodha hiyo. Marufuku iliondolewa miezi michache baadaye. Mifuniko iliyoibwa haikurudi.

Sasa tuvipime vifaa kwa kuuliza mbu mwenyewe anaongozwa na nini anapokutafuta. Jike peke yake ndiye anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu ili kutengeneza mayai. Anakutambua kwa hewa ya ukaa unayoitoa puani, kwa harufu ya jasho na ya bakteria wa ngozi, na akikaribia, kwa joto la mwili. Mwanga hana haja nao sana.

Ndiyo sababu taa ya samawati, ile yenye nyaya za umeme ndani inayouzwa kwa wingi Luthuli Avenue, ni kifaa kibaya kwa mbu. Inapiga "chaa!" mara kwa mara na mwenye nyumba anaridhika kwamba kazi inafanyika. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, Frick na Tallamy, walihesabu wadudu waliouawa na taa kama hizo zilizowekwa kwenye nyua za watu majira yote ya joto. Wadudu walikuwa 13,789. Wanaouma walikuwa 31 tu. Waliobaki walikuwa nondo, mbawakawa na wadudu wengine ambao hawakuwa na ubaya na mtu, wengine wao wakiwa maadui wa wadudu waharibifu. Ukiiweka taa hiyo chumbani ukalala kando yake, mbu ana vitu viwili vya kuchagua: taa isiyo na harufu wala pumzi, na wewe.

Hasara nyingine ya taa kali, ya hapa kwetu hasa, huonekana wakati wa mvua. Yule mdudu mwembamba mwenye viungo vyekundu na vyeusi ambaye dunia nzima humwita kwa jina la jiji letu, Nairobi fly, huvutwa sana na mwanga. Ni jamii ya mbawakawa, na haumi wala hadungi. Sumu yake, pederini, imo katika damu yake, na humwagika unapomponda juu ya ngozi. Asubuhi unaamka na mstari wa malengelenge shingoni ukidhani umeungua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimleta kwa wingi ambao wengi bado wanaukumbuka. Ukimwona mwilini, mpulize au mwondoe kwa karatasi, kisha uoshe kwa sabuni, na taa zisizo na kazi uzizime.

Vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyodai kutoa mlio ambao binadamu hausikii, pamoja na programu za simu zenye ahadi hiyohiyo, nitavimaliza haraka kwa kuwa havistahili nafasi kubwa. Mwaka 2007 Enayati, Hemingway na Garner walikusanya majaribio kumi ya nyanjani kwa ajili ya shirika la Cochrane na hawakukuta hata moja lililoonyesha kwamba milio hiyo inapunguza kuumwa. Usinunue.

Bangili za mchaichai zimo katika kapu hilohilo. Katika jaribio la Fradin na Day lililochapishwa mwaka 2002, bangili ilimlinda mtu kwa muda usiofika dakika moja, na mafuta ya mchaichai hayakufikisha dakika 20. Dawa ya kupaka yenye DEET ya asilimia 23.8 ilimlinda kwa dakika 300 hivi, yaani saa tano. Kwa hiyo unapochukua jeli ya mbu kwenye rafu, igeuze usome nyuma. Kama hakuna jina la kiambato wala asilimia yake, irudishe. DEET, iliyobuniwa na jeshi la Marekani miaka ya 1940 na kufikia raia mwaka 1957, bado ni ya kuaminika, na ikaridini iko karibu nayo. Watoto wachanga wasiotimiza miezi miwili wasipakwe. Walazwe ndani ya neti. Jeli inamfaa zaidi mlinzi wa usiku, mama mboga anayefunga kibanda saa nne, na wale wanaongoja matatu gizani kando ya mtaro wa Outering Road.

Koili inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo silaha ya mwenye kipato kidogo na kwa sababu asili yake inatugusa. Ilizaliwa Japani mwishoni mwa karne ya 19, pale Eiichiro Ueyama alipochanganya unga wa maua ya pareto na kuutengeneza vijiti vya kuchoma. Mkewe, Yuki, ndiye aliyependekeza umbo la kuzunguka ili iwake usiku kucha. Baadaye pareto ikawa zao la Kenya, na kwa miongo mingi wakulima wa Molo, Nyandarua na Kisii waliilisha dunia kiasi kikubwa cha maua hayo kupitia Nakuru. Kisha maabara zikaiga kemikali ya ua. Michael Elliott na wenzake, huko Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini mwaka 1973, na pareto ya asili ikaanza kupoteza soko. Koili nyingi zinazowashwa leo Kayole zina kemikali za kuigiza ua hilo, tena kwa kiasi kidogo sana, chini ya asilimia moja. Kilichobaki ni unga wa mbao au wa vifuu, gundi na rangi.

Kinachoungua usiku kucha, basi, ni unga wa mbao. Utafiti wa Liu na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliopima koili za China na Malaysia, ulionyesha kwamba koili moja inaweza kutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Sasa fikiria chumba kimoja cha Pipeline, futi kumi kwa kumi, dirisha likitazama ukuta wa jirani, watoto wawili wamelala sakafuni na mmoja wao ana pumu. Sisemi koili haifanyi kazi. Moshi wake hupunguza kuumwa, na anayekaa barazani au uani jioni anaweza kuitumia. Nasema hivi: chumba kilichofungwa ambamo mtoto amelala si mahali pa koili, na mwenye duka anayeiuza bila kusema hivyo anamnyima mteja habari anayostahili.

Dawa ya kopo inafanya kazi moja vizuri: kuangusha mbu walio chumbani wakati huo. Pulizia nusu saa kabla ya kulala, toka, funga, kisha rudi ufungue dirisha. Chakula na vyombo vifunikwe. Usitumie raketi ya umeme chumba kikiwa bado kina mvuke wa dawa hiyo, kwa kuwa gesi inayosukuma dawa kutoka kopo hushika moto na raketi inatoa cheche. Raketi yenyewe ni kifaa halali, inayemgusa inamuua, ila inakutaka uwe macho. Jambo jingine ambalo wakazi wengi wameligundua wenyewe ni kwamba dawa "haiwaangushi kama zamani". Kuleksi wa mijini Afrika Mashariki wamejenga usugu dhidi ya kemikali za jamii ya pareto. Ukiongeza kiasi unazidi kuujenga usugu huo, maana unaua walio dhaifu na kuwaachia mtaa wale wagumu.

Vichupa visivyo na lebo vya wachuuzi wenye vipaza sauti, wanaotangaza dawa ya mende, kunguni na panya kwa pumzi moja, havifai kuingia nyumbani. Kisheria, dawa yoyote ya wadudu inayouzwa Kenya inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu na kubeba namba ya usajili. Dawa ya shambani iliyogawiwa katika chupa ya maji ya kunywa haina namba, haina maelekezo, na daktari wa zamu hawezi kujua ampe nini mtoto aliyeinywa.

Kuna kifaa kipya cha kutazamwa. Katika jaribio kubwa lililofanyika Busia, taasisi ya utafiti ya KEMRI na washirika wake walitundika ndani ya nyumba karatasi zilizotiwa transfluthrini, ambazo hutoa mvuke polepole bila moto wala umeme. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha maambukizi mapya ya malaria yakipungua kwa takriban theluthi moja. Ni habari njema. Lakini Busia walikuwa wanapambana na Anofelesi, na mvuke huo ni wa jamii ileile ambayo Kuleksi wetu wameizoea. Muuzaji atakayekuletea bidhaa ya aina hiyo Umoja kwa sifa za Busia, mwulize kuhusu mbu wa Umoja.

Nzi ni habari nyingine, na hapa taa inarudi kwenye heshima yake. Nzi huongozwa sana na macho, na miali ya taa hizo humvuta kweli. Bucha na hoteli za Buruburu zinazozitundika hazijakosea. Kosa huwa ni mahali zinapotundikwa. Mwaka 2000 Urban na Broce, wa Chuo Kikuu cha Kansas State, walionyesha kwamba nzi anapopasuka kwenye nyaya za umeme hurusha hewani bakteria na virusi alivyobeba. Taa iliyo juu ya meza ya kukatia nyama, kwa hiyo, inanyunyizia nyama hiyo uchafu wa jaa. Nunua ile yenye karatasi ya gundi badala ya nyaya, iwe mbali na chakula, na isionekane kutoka nje, la sivyo utawaita nzi wa mtaa mzima. Kwa wakazi wa Dandora na Korogocho hakuna taa itakayotosha. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Nzi huhitaji siku saba hadi kumi tu kutoka yai hadi bawa.

Kinachofaa ndani ya nyumba, kwa mbu wa Eastlands, ni kizuizi: neti kitandani na wavu dirishani. Hakuna usugu dhidi ya wavu. Serikali hugawa neti za bure katika kaunti zenye malaria nyingi, za ziwa na za pwani, si Nairobi, hivyo hapa ni ya kununua, na ndiyo matumizi ya kwanza ambayo ningemshauri mtu kufanya. Neti isiyotiwa dawa inatosha, mradi haina tundu na inachomekwa chini ya godoro. Kwa upande wa nyumba, wengi huweka wavu dirishani vizuri kabisa kisha wakashangaa mbu wanaingia bado. Inua macho. Juu ya dirisha la nyumba nyingi za kupanga kuna matofali ya matundu ya kupitisha hewa, na hakuna aliyeyafunika. Fundi akate kipande cha wavu wenye matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5 akibane hapo kwa fremu ya mbao. Hewa itapita, mbu hatapita. Kisha tazama shimo la sakafuni bafuni. Likikauka, maji yanayoziba bomba huisha na mbu hupanda moja kwa moja kutoka kwenye chemba. Mwagia kikombe cha maji kila jioni au uliwekee kizibo.

Mitungi na mapipa ya maji kwenye roshani nayo yafunikwe vizuri. Mgao wa maji umetufanya sote tuwe na hifadhi, na hifadhi isiyofunikwa ndiyo nyumba ya Aedesi. Pipa lisuguliwe ndani kila wiki, kwa kuwa mayai yake hushikamana na ukuta wa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi.

Hata hivyo, neti inamlinda mmoja mmoja, na mbu wanaendelea kuzaliwa uani. Dawa ya mazalia inajulikana, tena ilishajaribiwa na majirani zetu. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wakiongozwa na Chris Curtis na Caroline Maxwell walimwaga punje za povu jeupe la kufungashia bidhaa katika vyoo vya shimo vyenye maji. Punje zikaelea na kufanya tabaka. Viluwiluwi wakakosa hewa, na mbu majike wakakosa maji ya kutagia. Kuleksi wakapungua kwa kiasi kikubwa, na tabaka hilo likadumu kwa miaka. Njia hii inafaa mashimo na matangi ya maji taka yaliyofungwa ambayo bado yako katika mitaa isiyofikiwa na bomba la jiji, kama sehemu za Ruai na Njiru. Mtaro ulio wazi haufai, kwa maana mvua ya kwanza itazibeba punje hadi mtoni.

Kwa mitaro na chemba, fundisho ni la Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2004 jiji lile liliajiri wakazi wa mitaa yenyewe kuzunguka kila wiki, mtaro kwa mtaro, kutafuta viluwiluwi, na baadaye kunyunyizia dawa ya bakteria inayowaua bila kudhuru watu, samaki au kuku. Leo dawa za namna hiyo zinatengenezwa Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Kuba. Kwa maji machafu kama yetu, bakteria aitwaye sferikasi ndiye anayedumu zaidi. Oili chafu ya gereji, ambayo vijana wengine humwaga mitaroni, inaua viluwiluwi kweli, lakini inaishia Mto Nairobi na Mto Ngong, na kutoka huko mashambani kwa watu wanaomwagilia sukuma wiki tunayoinunua.

Piga hesabu ndogo. Chukulia familia inachoma koili moja ya shilingi 10 kila usiku. Kwa mwaka ni shilingi 3,650. Ploti ya nyumba 40 inachoma shilingi 146,000. Mfuniko wa zege, ambao mwizi wa chuma hana haja nao, kuzibua bomba na wavu wa matundu ya hewa kwa jengo zima vinaweza kulipwa kutoka katika pesa hizo, na mwaka unaofuata hazilipwi tena.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ina sehemu nzima kuhusu mbu: mazalia yake yanahesabiwa kuwa kero, mashimo ya maji taka yanatakiwa kuzibwa kwa wavu, na wajibu ni wa mwenye ploti au anayeitumia. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na kila wadi inapaswa kuwa na afisa wa afya ya umma mwenye mamlaka ya kumwandikia landilodi ilani. Kwa hiyo, wapangaji wenzangu wa Eastlands, kabla mvua ya masika haijaanza, pigeni picha chemba iliyo wazi, mpelekeeni keateka, na asipochukua hatua ipelekeni kwa afisa huyo mkiwa wengi, kwa maandishi, mkiitaja Sura ya 242.